"Saa Limoja": Tahakiki ya Kiswahili cha Moment.js

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja alifika kwenye mtihani wa mazungumzo saa nane mchana, akakuta mlango umefungwa. Ujumbe aliotumiwa kwa kompyuta ulisema "kesho saa 8:00". Mtihani ulikuwa umefanyika saa mbili asubuhi. Hatukumlaumu, kwani alisoma Kiswahili kama tulivyomfundisha.

Kisa hicho kilitusukuma kuchunguza Kiswahili kilichomo katika zana za waandishi wa programu. Tumechagua sehemu ya Kiswahili ya Moment.js, maktaba ya kushughulikia tarehe na saa katika lugha ya programu iitwayo JavaScript. Maktaba hiyo ilianza mwaka 2011. Tangu mwaka 2020 wenyewe hawaiongezei mambo mapya, lakini bado imo ndani ya tovuti nyingi.

Tuanze na sifa. Majina ya miezi na ya siku ni sanifu, na vifupisho kama Mac, Ago na Okt vinasomeka bila taabu. Aliyeifanya kazi hii alijitolea, na aliitangulia idara yetu na nyingine nyingi.

Kasoro ya kwanza ni ya upatanisho wa kisarufi. Muda wa dakika sitini umeandikwa "saa limoja". Neno "saa" limo katika ngeli ya I-ZI, hivyo husemwa "saa moja". Kosa hili huenda limezaliwa na "masaa", linalotumika humo kwa wingi. Aliyezoea "masaa" ni rahisi kuliweka neno hili pamoja na jicho na macho. Tunakubali kwamba wasemaji wengi hutumia "masaa" kutofautisha muda na saa ya ukutani, lakini hata wao hawasemi "saa limoja".

Kasoro ya pili ni neno "tokea". Mwandishi alihitaji kiolezo kimoja kwa wakati wote uliopita. Kiswahili hakina kiolezo hicho: tunasema dakika tano zilizopita, miaka mitano iliyopita, mwaka mmoja uliopita. Ili kuukwepa upatanisho huo, aliandika "tokea siku 5". Ujanja huo umeokoa msimbo ukapoteza maana, kwa sababu "tokea" ni "tangu". Barua iliyofika siku tano zilizopita si barua inayofika tokea siku tano. Hata "hivi punde", msemo mzuri kabisa, unageuka "tokea hivi punde".

Kasoro ya tatu ndiyo nzito zaidi. Maktaba huandika "kesho saa", kisha huweka tarakimu za saa za Kizungu bila kuzibadili. Neno "saa" si pambo. Likitangulia tarakimu, msomaji huhesabu kuanzia macheo na machweo. Hapa Uganda jambo hili si geni, kwani hata Luganda huhesabu hivyo hivyo. Kutafsiri neno na kuacha hesabu yake ni kumpotosha msomaji kwa saa sita kamili.

Tunapendekeza njia mbili, na zisichanganywe. Ama neno "saa" liondolewe na kuandikwa "kesho, 08:00", ama hesabu ibadilishwe pamoja na neno. Kanuni ni nyepesi: toa 6 katika saa ya Kizungu ya mzunguko wa 12, ukipata sifuri au chini yake, ongeza 12, kisha taja asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hivyo 08:00 ni saa mbili asubuhi, na 14:00, yaani 2 ya mchana, ni saa nane mchana.

Tunawatahadharisha wanafunzi wa kompyuta wanaosoma kozi zetu: msitoe saa sita kwenye tarehe yenyewe. Mkifanya hivyo, saa nane usiku ya tarehe 1 Januari itarudi kuwa tarehe 31 Desemba. Tarehe ibaki kama mashine inavyoitunza. Kinachobadilishwa ni maandishi ya mwisho tu.

Hatuandiki haya ili kumvunja moyo aliyetangulia. Msimbo wa maktaba hii uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Wanafunzi wetu wanaijua ngeli ya "saa", na wengine wanaijua JavaScript. Tungependa wakae meza moja.