Neptune Frost: Safari ya Wakati Isiyo na Roketi

Wanafunzi wetu wakisikia filamu ya kubuni ya kisayansi hutarajia roketi, sayari ngeni na mtu anayeruka miaka mia mbele. Neptune Frost (2021), ya Saul Williams wa Marekani na Anisia Uzeyman wa Rwanda, haina roketi. Imebeba jina la sayari iliyo mbali zaidi na jua, lakini safari yake inaanzia ardhini, katika mgodi wa koltani. Mandhari yake ni Burundi, ingawa ilipigwa hapa Rwanda.

Kwa muhtasari, Matalusa ni mchimbaji anayekimbia baada ya nduguye, Tekno, kuuawa mgodini. Neptune, mhusika huntha anayeigizwa na Elvis Ngabo na Cheryl Isheja, naye yumo safarini. Wanakutana Digitaria, kijiji cha wadukuzi kilichoundwa kwa mabaki ya kompyuta.

Kifani, wakati ndio uliotuvutia zaidi. Wanakijiji huvaa vipande vya mitambo iliyotupwa: kilichokuwa kipya jana ughaibuni ni takataka leo, na takataka hiyo ndiyo kesho yao. Kwetu Gisenyi hili si nadharia. Machimbo ya koltani ya Rubaya, Masisi, hayako mbali nasi, na tantali itokanayo na madini hayo hutumika katika vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu.

Upande wa lugha, Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza hupishana bila mkalimani, kama mpakani kwetu na Goma. Hata jina Matalusa ni somo la fonolojia. Martin Luther King amechezewa akawa "Martyr Loser King", yaani mfalme shahidi aliyeshindwa. Kisha "Martyr Loser" ikatamkwa kwa silabi wazi, kila moja ikiishia kwa irabu.

Kasoro zipo. Nyimbo zimesheheni kaulimbiu hadi uzi wa hadithi unapotea, na Kiswahili kimepewa nafasi ndogo kuliko Kinyarwanda na Kirundi.

Lakini kasoro iliyotuuma ilikuwa yetu wenyewe. Tulipoitazama na wanafunzi, manukuu yalikuwa ya Kiingereza. Macho yao yalibaki chini ya skrini, wakisoma kwa lugha ya mbali maneno ambayo masikio yalikwisha kuyaelewa. Tuliyaziba kwa karatasi. Baada ya dakika chache za manung'uniko, wakaanza kusikiliza.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini mwaka 2017, lakini urasmi peke yake hautoshi. Mwanafunzi anayekihesabu kuwa lugha ya soko na kambi tu hatakitumia kuiwazia kesho. Hivyo tunawashauri walimu wenzetu wachague onyesho moja, wafunike manukuu, kisha wawape wanafunzi kazi ya kuandika yao kwa Kiswahili. Watakapokwama kwenye msamiati, hapo ndipo somo litakapoanza.