Heko kwa Wapanga Kuni wa Itetemia

Pongezi hizi ni za wanaokusanya na kupanga kuni Itetemia na kote Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi huko Tabora. Karne ya 19 Wanyamwezi walisifika kwa kubeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Leo mabega yamepata msaidizi: pawatila yenye trela dogo, inayopenya njia za miombo ambazo lori haliwezi.

Lakini mashine hubeba tu. Ujuzi ni wa mtu. Huchagua matawi makavu ya mti wa mtundu na kuuacha mninga, mti wa mbao. Hutanguliza magogo mawili chini ili kuni zisiguse ardhi yenye mchwa, hupishanisha miti ya pembeni ili mlundo usiporomoke, na huacha mianya hewa ipite. Kuni mbichi hupoteza moto wake kwa kukausha maji yake yenyewe. Kavu huwaka vizuri, nazo hutumika chache, iwe kwenye bani la kukaushia tumbaku au mafiga ya nyumbani.

Heko zaidi kwa wanaopanda miti ya kuni mashambani mwao, msitu upate nafuu. Tuwaheshimu, na tuwalipe wanachostahili.