Treni ya Usiku wa Manane Wakati wa Kafyu: Albamu ya Sauti Sol na Msikilizaji wa Gatongora

Wahakiki wengi huipima kazi ya baadaye ya msanii kwa kipimo cha kazi yake ya kwanza. Bendi ya Sauti Sol, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2005 na vijana walioimba bila ala, haikusalimika na kipimo hicho. Albamu yake ya tano, Midnight Train, hulaumika kwa wepesi: jina lake ni la Kiingereza, kampuni iliyoitoa ni ya kimataifa, na wageni wake, akiwamo India.Arie, wako mbali na ulimwengu wa Mwanzo, albamu ya kwanza. Shutuma hii ina ukweli, ila inaitenga kazi na muktadha wa upokezi wake.

Albamu ilitolewa tarehe 5 Juni 2020. Tangu tarehe 27 Machi Wakenya walikuwa chini ya kafyu ya usiku. Na tangu tarehe 6 Aprili ilikuwa marufuku kuingia au kutoka eneo la Nairobi, ambalo upande wa Thika lilikomea daraja la mto Chania. Gatongora, iliyoko Ruiru, ilikuwa ndani ya mpaka huo. Reli ya Nairobi kwenda Thika hupita Ruiru. Kwa hiyo treni si jazanda ngeni kwa msikilizaji wa huko. Kilichokuwa kigeni ni saa yake. Chombo cha safari kinatajwa katika saa ambayo raia haruhusiwi kutoka nje. Jazanda ya matumaini inageuka kinaya.

Kinaya hicho kinakomaa katika "Disco Matanga (Yambakhana)". Disko matanga ni mkesha wa muziki kwenye msiba, mashuhuri hasa magharibi mwa Kenya. Mwaka 2020 idadi ya waombolezaji ilibanwa na mikesha ikakatazwa. Kwa mkazi wa Gatongora asiyeweza kwenda magharibi kumzika nduguye, wimbo huu wa kuchezwa unakuwa mbolezi: unatunza mkusanyiko uliozuiwa.

Yawezekana kupinga kwamba watunzi hawakukusudia hayo. "Suzanna", kwa mfano, ulitoka Februari, kabla ya kafyu. Lakini utamaduni wa taarabu umekwisha kujibu hoja hiyo. Anayeinuka kutunza huuelekeza wimbo kwa amtakaye, na fumbo likapata mlengwa ambaye mtunzi hakumjua. Maana si milki ya kusudi pekee.

Hata hivyo, upokezi haufuti udhaifu wa fani. Baadhi ya nyimbo za mapenzi katika albamu hii hazina mgogoro, nazo zingeweza kuimbwa popote duniani. "Suzanna", wenye Kiswahili na gitaa linalokumbusha zilizopendwa, unaonyesha kilichokosekana humo: mahali. Bendi ilipoagana na mashabiki wake mwaka 2023, swali la haki halikuwa iwapo ilibaki kama ilivyoanza, bali ni wapi nyimbo zake zilipata makao.