Kijivu au Kahawia: Tabaka la Chini na Ngozi Tunayoichora

Vitabu vingi vya uchoraji wa rangi ya mafuta humwelekeza mwanafunzi aanze na tabaka la chini la kijivu: mwanga na kivuli vipangwe kwanza, rangi zije baadaye, nyembamba, zikipita juu kama kioo. Njia hii ni kongwe Ulaya na ina faida zake. Lakini katika picha za watu tunazochora hapa Mbarara na kule Nakivale, kijivu hicho hakikubali kufichika. Kinapenya mashavuni na kwenye mapaji ya nyuso, na mtu mweusi anaonekana kama aliyepakwa majivu. Huambiwa kwamba rangi ya juu haikutosha. Mimi nasema msingi ndio uliokosewa: ngozi yetu hata kivulini ina wekundu, na mchanganyiko wa nyeupe na nyeusi huuzima.

Tazama kazi za Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Yeye huchora kwa mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha Baganda kinachotokana na gome la mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao, ufundi ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Lubugo husifiwa kama alama ya Uafrika. Sifa hiyo ni nyepesi mno. Kwa alama tu, hata kanga ingetosha. Ninachokiona mimi ni kazi inayofanywa na kitambaa chenyewe. Ni chekundu-kahawia kabla brashi haijakigusa, na matundu na mishono yake haifichwi, hivyo umbo la mtu hulazimika kujadiliana nayo. Tena Baganda huzikia wafu wao kwa lubugo. Armitage anapochora mikutano na ghasia za uchaguzi wa Kenya wa 2017, msingi umeshaanza kuomboleza.

Kwa mchoraji wa Nakivale hoja hii ina bei. Kahawia ya udongo ni miongoni mwa rangi nafuu na hukauka upesi. Iyeyushe kwa tapentaini, ipake, kisha futa kwa kitambaa panapotakiwa mwanga. Kijivu hudai nyeupe nyingi, nayo huchelewa kukauka. Katika chumba kimoja chenye watoto, picha mbichi itawekwa wapi?

Kijivu nakiachia Ziwa Nakivale alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Hapo kahawia ndiyo ingeharibu.