Je, Edgar ni Mwana Mwaminifu? Udanganyifu na Damu katika King Lear

Neno uaminifu katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo Kiingereza kimezoea kuzitenga. Mwaminifu ni mtu asiyedanganya. Mwaminifu pia ni mtu asiyemtupa anayemtegemea. Maana zote mbili zinachipuka katika kitenzi amini, na jamaa yake wa karibu ni amana, yaani kitu anachokabidhiwa mtu akitunze mpaka mwenyewe atakapokidai. Mzungumzaji wa kawaida hana haja ya kuzitenganisha, kwa kuwa hutarajia kwamba anayempenda hatamdanganya. King Lear ya William Shakespeare inayavuruga matarajio hayo, na nadhani mvurugo huo huonekana wazi zaidi tamthilia ikisomwa kupitia neno letu hili kuliko kupitia msamiati wake yenyewe. Swali la makala haya ni jepesi kuliuliza. Edgar, mwana halali wa kabaila Gloucester, ambaye kwa kawaida hupangwa pamoja na Cordelia na Kent katika safu ya walio wema, je, ni mwana mwaminifu? Ninadai kwamba ni mwaminifu kwa maana moja na si mwaminifu kwa maana ya pili, na kwamba mwanya uliopo baina ya maana hizo mbili ndimo anamofia baba yake.

Tuanze na neno linalounganisha familia mbili za tamthilia hii. Katika Tendo la 1, Onyesho la 1, Lear anamuuliza Cordelia ana nini cha kusema ili apate fungu nono kuliko dada zake, naye anajibu kwamba hana kitu. Katika onyesho linalofuata, Gloucester anamuuliza Edmund, mwanawe wa nje ya ndoa, alikuwa akisoma karatasi gani. Edmund anajibu kwa neno lile lile la Cordelia. Mfasiri wa Kiswahili yumo mashakani hapa, kwani lugha yetu ingependa kumpa Cordelia “sina la kusema” na kumpa Edmund “si kitu”, na kwa kufanya hivyo mwangwi ungepotea. Hasara hiyo si ndogo. Neno la Cordelia ni la kweli na linapokewa kama tusi. Neno la Edmund ni la uongo na linapokewa kama dalili ya siri nzito. Gloucester hata anafanya mzaha kwamba ikiwa si kitu, hatahitaji miwani ya kukisomea.

Maelezo ya Paul Grice (1975) kuhusu kanuni ya ushirikiano yanatusaidia kuona jinsi hila hii inavyofanya kazi. Msikilizaji akinyimwa taarifa waziwazi, huanza kutafuta sababu ya kunyimwa, na maana dokezwa anayoifikia huiona kuwa ni yake mwenyewe. Edmund anaificha barua ya kughushi harakaharaka, lakini si haraka kiasi cha baba kutoiona. Akiulizwa kama mwandiko ni wa Edgar, anasema angetamani usingekuwa wake. Akiona hasira inapanda, anamsihi baba asimhukumu ndugu yake mpaka apate ushahidi zaidi, kwa kuwa pengine Edgar aliandika ili kumpima tu. Katika mazungumzo yote hayo shutuma za moja kwa moja ni chache mno. Zimejaa sentensi za masharti, ukanushi, na matumaini yanayotolewa kwa sauti ya huzuni. Tukizipima kauli zake moja moja kwa kigezo cha utetezi, Edmund anaonekana kuwa wakili wa Edgar. Uongo wenyewe unatungwa na Gloucester, tena kwa bidii.

Msamiati wa damu na utii nao unageuzwa kuwa chombo. Baada ya Edmund kujikata mkono na kudai kwamba Edgar ndiye aliyemjeruhi, Gloucester anamsifu kwa kivumishi ambacho katika Kiingereza cha wakati ule kilimaanisha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na pia mtoto mwenye mapenzi ya asili kwa mzazi wake. Kiswahili kingelazimika kuchagua: mwana wa damu au mwana wa haramu. Gloucester anazisema zote mbili kwa pumzi moja bila kujisikia. Baadaye, anapomkabidhi Cornwall barua itakayomtia baba yake hatiani, Edmund anajisikitikia kwamba atalaumiwa kwa kuacha hisia za asili zikashindwa na uaminifu wake. Neno analotumia hapo ni lile la utii kwa mtawala. Cornwall anamlipa cheo cha baba yake, na juu ya hayo anamwahidi kuwa baba mpendevu zaidi. Usaliti wa familia unafanyika kwa lugha ya familia, na hakuna hata neno moja linalobadilishwa umbo lake.

Kuhusu Edmund wahakiki hawana ugomvi mkubwa, na mimi sina. Ninamchambua ili mbinu yake ibaki machoni petu tunapomgeukia ndugu yake.

Edgar anapojivika matambara ya Tom mwendawazimu, anafanya hivyo kuokoa roho yake. Bandari zimefungwa, picha yake imetumwa kila upande, na anayemtafuta ni baba yake mwenyewe. Hapo hakuna cha kumlaumu. Hali inabadilika katika Tendo la 3, Onyesho la 7. Gloucester akiwa ametobolewa macho anamwita Edmund amlipizie kisasi, na Regan anamwambia kwamba Edmund ndiye aliyemchoma. Papo hapo baba anatambua kwamba Edgar alisingiziwa, naye anaomba msamaha kwa miungu. Kuanzia hapo Edgar hana sababu ya kumwogopa baba yake. Yeye hakuwapo katika onyesho hilo, kwa hiyo mtu angeweza kumtetea kwa kusema hajui. Shakespeare anaukata utetezi huo mara moja. Mwanzoni mwa Tendo la 4, Gloucester anaongozwa na mzee mmoja, mpangaji wake, na kwa sauti inayosikika anamtaja mwanawe mpendwa Edgar. Anasema kwamba lau angeishi amwone kwa kumpapasa, angejihesabu kuwa amerudishiwa macho. Edgar amesimama hapo hapo jukwaani na anasikia kila neno.

Sijui mahali pengine katika tamthilia za Shakespeare ambapo amana inadaiwa waziwazi hivi na mwenyewe, mbele ya aliyeishika, nayo isitolewe. Katika usemi wa kando Edgar anakiri kwamba hawezi kuendelea na uigizaji huu. Muda mfupi baadaye anakiri kwamba hana budi kuuendeleza. Baina ya kauli hizo mbili hakuna sababu yoyote inayotajwa. Mzee mpangaji anaondoka kwenda kutafuta nguo, baba na mwana wanabaki peke yao, na bado ni Tom anayezungumza.

Onyesho la genge la Dover limeandikiwa mengi, hasa kwa upande wa jukwaa: mahali palipo tambarare panageuzwa kuwa kilele kirefu kwa maneno matupu, kunguru wakipungua hadi ukubwa wa mende na wavuvi hadi ukubwa wa panya. Mimi ninavutwa zaidi na jambo dogo linalotangulia maelezo hayo. Gloucester anamwambia kiongozi wake kwamba sauti yake imebadilika, na kwamba sasa anazungumza kwa lugha bora zaidi. Kipofu ameanza kumtambua mwanawe kwa njia pekee iliyomsalia. Edgar anamkatalia: kilichobadilika ni mavazi tu. Katika onyesho hilo hilo Lear anaingia akiwa amerukwa na akili, na Gloucester anaikumbuka sauti yake mara moja na kuuliza kama huyu si mfalme. Sikio lake basi ni zima. Lingeweza kumtambua Edgar kama Edgar asingelibishia. Edmund alimfanya baba asiamini alichokijua kuhusu tabia ya mwanawe. Edgar anamfanya asiamini anachokisikia. Kisha anaongeza sauti nyingine, ya mpita njia aliyeko chini ya genge, na ya nne, ya mkulima mwenye lahaja ya shamba, anapopambana na Oswald. Mtu mmoja ana rejesta nne, na ile ya mwana haimo.

Hoja ya upande wa pili ni nzito na lazima isikilizwe. Edgar mwenyewe anasema kwamba anachezea kukata tamaa kwa baba yake ili akuponye. Gloucester, akiwa ameanguka kutoka kimo chake mwenyewe na kuamini kwamba ameokolewa na miungu, anaahidi kuyavumilia mateso. Ikiwa uongo umezuia kujiua, kuna ubaya gani? Ningeridhika na hoja hii kama tiba ingeshika. Kabla onyesho halijaisha Oswald anakuja na upanga kumuua, na Gloucester anaukaribisha mkono huo kama mkono wa rafiki. Katika Tendo la 5, Onyesho la 2, baada ya jeshi la Cordelia kushindwa, anakataa kuondoka na kusema kwamba mtu aweza kuozea hata hapo. Edgar anamjibu kwa maneno ya hekima kuhusu uvumilivu. Mgonjwa alikuwa ameshaitaja dawa yake katika Tendo la 4. Alichopewa ni muujiza wa kubuni na mawaidha.

Zaidi ya hayo, uficho huu ni nyongeza ya Shakespeare. Kisa cha Gloucester kimetoka katika Arcadia ya Philip Sidney (1590), ambamo mfalme kipofu wa Paphlagonia anaongozwa na mwanawe mwema, Leonatus. Humo baba anamjua mwana. Anamwomba ampeleke juu ya mwamba ajitupe, na mwana anakataa waziwazi. Hata kifo cha mzee huyo, moyo ukiwa umevutwa kupita kiasi na faraja baada ya dhiki, kimo katika Sidney, lakini kinafuata baada ya baba kumvika mwanawe taji. Shakespeare aliyachukua yote haya akaondoa jambo moja tu, baba kumjua anayemwongoza. Mwandishi asiyetaka tumuulize Edgar swali hangefanya badiliko hilo. Nahum Tate, aliyeiandika upya tamthilia hii mwaka 1681 na kuipa mwisho wa furaha, yaelekea aliliona pengo: Edgar wake anajificha kwa ajili ya mapenzi ya Cordelia. Ni suluhisho dhaifu, ila linaonyesha kwamba palikosekana sababu.

A. C. Bradley (1904) alimtazama Edgar kama mhusika anayekua kadiri anavyoteseka. Stanley Cavell (1969) alikwenda upande mwingine: Edgar anaepuka kutambuliwa kwa sababu hawezi kukabili udhaifu wa baba, na anamtaka abaki baba mwenye nguvu ili yeye abaki mtoto. Nakubaliana na Cavell kuhusu kuepuka, lakini sioni haja ya kuingia ndani ya nafsi ya mhusika kiasi hicho ili kuuthibitisha ukatili wake. Kauli zenyewe zinatosha. Edgar ananyima taarifa ambayo msikilizaji ameiomba kwa jina, na kunyima huko ndiko Edmund alikoanzia. Nia ni tofauti kabisa, na sitaki kuwasawazisha ndugu hawa wawili kimaadili. Ninachosema ni kwamba baba hakuishi ndani ya nia zao. Aliishi ndani ya maneno waliyomwambia. Kent naye, aliyejificha ili amtumikie Lear, anaombwa na Cordelia aivue sura ya kujigeuza na anaomba muda. Anapojitambulisha hatimaye, Lear ana maiti mikononi na karibu hana nafasi ya kuelewa.

Kujitambulisha kwa Edgar hatukuoni. Lear na Cordelia wanapatana mbele yetu, Gloucester na Edgar wanapatana nyuma ya jukwaa, na tunasimuliwa na Edgar peke yake. Anasema kwamba alijificha mpaka nusu saa iliyopita, akiwa ameshavaa silaha, ndipo akaomba baraka na kueleza safari yao yote; moyo wa baba, uliokwisha kupata ufa, ukapasuka kati ya furaha na huzuni. Katikati ya masimulizi anaitaja kuchelewa huko kuwa kosa, kwa neno moja, kisha anaendelea. Wasikilizaji wake ni Albany na Edmund anayekata roho. Edmund anasema maneno haya yamemgusa na huenda yakaleta jambo jema, halafu anamhimiza Edgar aendelee kusema. Wakati huo amri ya kumuua Cordelia iko njiani, na anayeijua ni yeye. Hii ni mara ya mwisho kwa Edmund kunyima taarifa, na kinachompa nafasi ni simulizi ya Edgar kuhusu taarifa aliyoinyima yeye. Katika chapa ya kwarto ya 1608 simulizi hiyo ni ndefu zaidi, kwani Edgar anaongeza habari za Kent. Folio ya 1623 imekiondoa kipande hicho. Kila mstari wa ziada ni muda unaotoka katika maisha ya Cordelia.

Chapa hizo mbili zinatofautiana pia kuhusu nani anayesema beti za mwisho, zinazowataka waliobaki waseme wanachokihisi na si kile wanachopaswa kusema. Kwarto inampa maneno hayo Albany, na kinywani mwake ni maombolezo ya kiungwana ya mtawala aliyechoka. Folio inampa Edgar. Wahariri wengi humpendelea Edgar kwa sababu za cheo na mpangilio wa urithi. Mimi pia ninampendelea, kwa sababu tofauti: katika jukwaa lile hakuna mwingine aliye hai ambaye alipata siku kadhaa za kusema anachokihisi, kwa mtu aliyekuwa akikingoja, na hakusema.