Ngozi ya Chambo cha Rapala

Lauri Rapala husifiwa zaidi kwa kisu chake. Nadhani sifa kubwa zaidi inastahili kwenda kwa ngozi aliyoivika kazi ya kisu hicho.

Mvuvi huyu wa Ufini aliona kwamba samaki wakubwa hulipita kundi la samaki wadogo na kumfuata yule mmoja anayeyumbayumba kama aliyejeruhiwa. Ili kuuiga mwendo huo kwa chambo bandia, mwaka 1936 akachonga kizibo kwa kisu cha fundi viatu, akakisugua kwa msasa hadi kikawa na umbo la samaki mdogo, kisha akakivika foili iliyotoka kwenye chokoleti. Vanishi ilimshinda bei. Akayeyusha negativu za picha, akazipaka juu ya foili.

Wasimulizi hulitaja jambo la negativu kama kichekesho cha ufukara. Ukilichambua, utaona alichagua vizuri kuliko wengi wenye pesa. Negativu nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa nitroselulosi, na nitroselulosi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa vanishi za kukauka haraka zilizopakwa kwenye magari na samani. Kwa maneno mengine, Rapala alipata vanishi ileile kwa mlango wa nyuma. Utando wake ni mwembamba, mgumu, na unaonyesha kilicho chini yake, kwa hiyo mng'ao wa foili haukufifia. (Asijaribu mtu kuiga hatua hii: nitroselulosi hushika moto kwa ukali wa kutisha, na kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza filamu za nitroselulosi mwaka 1951.)

Wembamba huo wa utando ndio kiini cha kazi. Chambo cha aina hii huyumba kwa sababu ni chepesi na mizani yake ni ya hali ya juu. Ukikirundikia rangi na vanishi, kinapoa; uzito ukizidi mgongoni, kinalala ubavu. Foili ilimpa Rapala rangi ya magamba bila uzito wa maana, na wakati huohuo ikazuia maji. Kizibo chenyewe hakinywi maji kwa urahisi, hivyo utando wa juu ulibaki na kazi ya kulinda kingo za foili zisifunuke na kustahimili meno.

Baadaye alipohamia kwenye mti wa balsa, hesabu ilibadilika. Balsa ni nyepesi na huchongeka vizuri, ila hunywa maji kwa pupa. Tundu dogo kwenye rangi linatosha: mti unavimba, rangi inapasuka, maji yanazidi kuingia, na mwendo wa chambo unaharibika hata kama macho na madoa bado yanapendeza. Ndiyo maana familia ya Rapala ilikijaribu kila chambo majini kabla ya kukiuza. Ukaguzi wa macho usingeonyesha kama kinaogelea sawasawa.

Anayechonga leo kwa mti wowote, awe anawinda sangara au kolekole, afuate mantiki hiyo. Ziba mti kabla ya rangi: uchovye kwenye vanishi iliyopunguzwa kwa tina, uutoe polepole ili isigande matone mkiani, uache ukauke kabisa, kisha urudie. Piga msasa laini, halafu rangi nyeupe ya chini, halafu rangi zako, mgongo mweusi na tumbo jeupe. Epoksi ya juu iwe tabaka moja jembamba, nawe uendelee kukizungusha chambo taratibu mpaka igande, la sivyo itashuka upande mmoja na kuharibu mizani. Na usiweke vanishi yenye tina kali juu ya rangi ya mafuta, maana itaikunja.

Wengi huharibikiwa kwenye matundu ya waya wa ndoana. Tundu likitobolewa baada ya kuziba, mti mkavu unabaki wazi ndani, na maji huanzia hapo. Toboa kwanza, ziba hadi ndani ya tundu, kisha ndipo ushike brashi.