Mkutubi mbele ya Kitabu cha Kiswahili: Uhakiki wa Mafunzo ya Upataji, Majarida na Uorodheshaji

Mwaka 1965 mjini Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ilipigwa taipu na kurudufishwa kazi moja fupi yenye jina la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mkusanyaji wake alikuwa André Yav, naye aliandika kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Jina la kazi laahidi orodha ya maneno. Ndani hamna orodha ya maneno. Mna historia ya mji huo na ya utawala wa Wabelgiji tangu enzi ya Mfalme Leopold wa Pili, ikisimuliwa kwa Kiswahili cha Katanga na watu waliopika, waliofua na waliofagia. Mworodheshaji aliyefunzwa kuuamini ukurasa wa jina, na asiyejua Kiswahili, hana sababu ya kutoiweka kazi hiyo pamoja na kamusi, katika namba 496.392 ya mpango wa Dewey. Anayeijua lugha, akasoma kurasa mbili tatu, ataipeleka 967.51 kwenye historia ya Kongo, na kuiandikia kadi nyingine chini ya habari za watumishi. Mtafiti wa historia ya kazi atakayekuja baada ya miaka ishirini ataipata kwa mkutubi wa pili. Kwa yule wa kwanza hataipata, ingawa imo ndani ya nyumba, imepigwa muhuri na kuandikiwa namba kwa mwandiko safi.

Mfano huu wagusa kasoro ambayo mafunzo ya ukutubi yamekuwa nayo kwa muda mrefu barani Afrika, yaani kuihesabu lugha ya kitabu na historia ya nchi kuwa mambo yaliyo nje ya fani. Mwanafunzi hufundishwa jinsi ya kuandika kadi, kana kwamba kusoma kile kinachoandikiwa kadi ni kazi ya mtu mwingine.

Fani yenyewe si ya kubezwa. Kanuni 91 za Panizzi kwa ajili ya maktaba ya British Museum zilichapishwa mwaka 1841. Za Cutter zilitoka Marekani mwaka 1876. Mwaka 1961 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Paris wakaafikiana juu ya misingi ya pamoja. Hapo zikafuata kanuni za Waingereza na Wamarekani za 1967, zile za 1978 zilizotawala madarasa kwa miaka zaidi ya thelathini, na RDA ya mwaka 2010. Shule za Afrika zilizaliwa katikati ya mkondo huo: ya Makerere kwa ajili ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na ile ya Dakar iliyopata hadhi yake ndani ya chuo kikuu mwaka 1967, ikapokea wanafunzi wa nchi nyingi zinazotumia Kifaransa. Aliyehitimu katika mapokeo hayo hujua kupima kimo cha kitabu kwa sentimita na kutenganisha jina, mhariri na mji wa uchapaji kwa nukta, mkwaju na kistari mahali panapostahili. Huo ni ujuzi wa kweli, na maktaba iliyoukosa huonekana mara moja.

Isitoshe, kanuni zenyewe zina busara kuliko madarasa yanayozifundisha. Misingi ya Paris haikuamuru kwamba kila mwandishi duniani ageuzwe jina lake, la mwisho litangulie. Ilisema kwamba neno la kuanzia huchaguliwa kwa kufuata desturi iliyokubaliwa ya nchi ya mwandishi, na isipowezekana, desturi ya lugha anayoitumia. Basi kanuni humtuma mworodheshaji kwenye desturi ya watu. Swali ni nani aliyemfundisha desturi hiyo.

Nchini Kongo swali hili si la mzaha. Serikali ya Mobutu iliigeuza nchi kuwa Zaire mwaka 1971, na mwaka 1972 ikawataka raia waache majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Kwa usiku mmoja, maktaba za nchi nzima zilikuwa na waandishi ambao hawakuitwa tena kama ilivyoandikwa kwenye kadi zao. Valentin-Yves Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, akawa Mudimbe Vumbi Yoka; akaendelea kutia V. Y. kwenye majalada, na herufi hizo mbili zikayabeba majina yote mawili. Mwandishi aliwarahisishia wakutubi kazi ambayo wengi wao hawakufunzwa kuifanya: kuweka daftari la majina yaliyoidhinishwa, ambalo huchagua umbo moja na kuyaelekeza maumbo mengine yote kwake. Somo hilo, ambalo huko Ulaya huweza kuchukua juma moja, Kongo lingestahili muhula mzima.

Linganisha na mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yake katika miaka ya 1973 na 1974, na ambaye mazungumzo yake ya Kiswahili na Johannes Fabian yalizaa kitabu kilichotoka mwaka 1996. Aliyezoea kugeuza majina ya Kifaransa ataandika Matulu mwanzoni. Wasomaji wa Katanga watatafuta chini ya Tshibumba, nao ndio wenye haki, kwa kuwa Matulu si jina la ukoo kama Dupont lilivyo. Upande wa pwani lipo tatizo jingine. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, huanzia Muyaka. Neno bin si jina la katikati, na Haji ni baba yake. Orodha za desturi za majina ya mataifa zimekwisha kutungwa na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, lakini orodha husaidia pale tu mwenye kuitumia anapotambua kwamba jina lililo mbele yake linahitaji kutazamwa.

Huduma ya majarida ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mara nyingi huachiwa mtu aliyeajiriwa karibuni, kwa dhana kwamba kazi yake ni kupokea bahasha na kutia alama kwenye kadi. Lakini jarida ni kama mtu aishiye: huzaliwa, hubadili jina, huugua, hunyamaza miaka mitatu kisha hutokea likiwa na matoleo manne katika jalada moja. Jarida la Wajesuti wa Kinshasa lilianza mwaka 1961 kwa jina la Documents pour l'action. Mwaka 1966 likawa Congo-Afrique. Nchi ilipobadili jina mwaka 1971 likawa Zaïre-Afrique. Mwaka 1997 likarudia Congo-Afrique. Kwa kanuni za 1978, badiliko kubwa la jina hudai maelezo mapya, na maelezo hayo yafungamanishwe na yaliyotangulia na yatakayofuata. Katika rekodi za kompyuta za MARC kazi hiyo hufanywa na sehemu za 780 na 785. Asiyefungamanisha humpa msomaji majarida matatu yaliyokatika vipande, kila kimoja kikionekana kama kilikufa ghafla. Anayeunganisha yote chini ya jina la sasa, kwa nia njema, hufuta ushahidi wa kisiasa uliomo katika majina yenyewe. Hata jarida la Kiswahili lililo maarufu kuliko yote limepita njia hiyo: lilikuwa Bulletin ya kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, likawa Journal, likawa Swahili, likaishia Kiswahili, na taasisi inayolitoa mjini Dar es Salaam imegeuka kutoka TUKI kuwa TATAKI mwaka 2009. Makala yaliyonukuliwa katika tasnifu ya 1958 hayapatikani na mwanafunzi anayetafuta chini ya jina la leo, isipokuwa pale mtu wa majarida alipofanya kazi yake.

Kuhusu upataji wa vitabu, mafunzo huchukulia kwamba kuna wachapishaji, kwamba wachapishaji wana orodha, na kwamba orodha huja kwa posta. Mfunzwa hujifunza kulinganisha bei, kutoa hati ya kuagizia, kudai kilichochelewa. Kazi ya Yav haikuwa na mchapishaji wala orodha. Chapa yake ya kwanza iliyoweza kuagizwa kwa njia hiyo ni ile iliyotoka Amsterdam mwaka 1990, ikihaririwa na Fabian; maana yake ni kwamba maktaba ya Lubumbashi iliyotaka kununua maneno ya watumishi wa Lubumbashi ilihitaji fedha za kigeni. Ni kinyume cha mambo. Lakini kinyume hicho kilitokana kwa sehemu na ufundi finyu, kwa sababu mwaka 1965 kurudufu kulikuwa kwa bei ndogo, na nakala zilipita mikononi mwa watu umbali mfupi kutoka chuo kikuu.

Ofisi ambayo maktaba ya bunge la Marekani iliifungua Nairobi mwaka 1966 yafundisha jambo hapa, penda usipende. Haikungoja orodha. Iliweka watu wenyeji wa kuiwakilisha katika nchi jirani, na wafanyakazi wake husafiri wakikusanya wenyewe kutoka wizara, makanisa, vyama na wauzaji wa barabarani. Kwa sababu hiyo, mtafiti wa Washington huweza kushika gazeti dogo la Kiafrika ambalo halimo tena katika mji lilikochapwa. Yafaa kuulizwa kwa nini ustadi huo wa kutembea, kuzungumza na kununua kwa fedha taslimu bila kupoteza stakabadhi haupewi nafasi katika mitaala. Kununua sokoni kuna kanuni zake, na mhasibu wa chuo naye ana zake. Anayezijua zote mbili ni fundi. Na ipo upande wa pili hiba, yaani masanduku ya vitabu vilivyochakaa kutoka Ulaya, ambayo mfunzwa hufundishwa kuyashukuru na hafundishwi kuyakataa.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote, na ambayo madarasa yameigusa kidogo, ni ya utafutaji. UNESCO ilipoanza kugawa programu ya CDS/ISIS bila malipo mwaka 1985, maktaba nyingi za Afrika ziliingia katika kompyuta kupitia mlango huo. Semina zikafuata. Mtu alitoka semina akijua kufungua faili na kuweka nakala ya akiba, akaonekana amefuzu. Miongoni mwa mbinu alizofundishwa ilikuwa kukata neno mkiani na kuweka alama, ili maumbo yake yote yapatikane. Mbinu hiyo ilitungwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Anayetafuta mtumishi kwa kukata mkia hatapata watumishi wala utumishi. Anayetafuta kitabu hatapata vitabu. Mji na miji hulala katika kurasa mbalimbali za faharasa. Programu nyingi zilikataa kukata neno kichwani, au zilifanya hivyo polepole mno. Dawa si ngumu: mworodheshaji akubaliane na wenzake kuweka kila neno la mada katika wingi au katika umoja, aandike rejeo kutoka umbo la pili, asibadili kesho. Lakini ni lazima kwanza aone ngeli kuwa tatizo la fani yake. Vivyo hivyo neno la, ambalo mashine iliyopangiwa Kifaransa hulitupa kama kibainishi kisicho na maana, ni kiunganishi katika Kiswahili, na pia ni jibu la kukana.

Lugha yenyewe huandikwaje katika rekodi? Kwa kawaida kwa herufi tatu, swa, na swa humeza kila kitu: utenzi wa Lamu, gazeti la Dar es Salaam, kazi ya Yav. Hata hivyo, kiwango cha kimataifa cha mwaka 2007 kiligawa Kiswahili, kikakipa kile cha Kongo herufi swc na kile cha pwani swh, na rekodi za MARC zina nafasi ya kuandika herufi hizo kwa kutaja chanzo chake. Hapo hakidaiwi kifaa kipya wala fedha. Anadaiwa mtu anayeweza kutazama ukurasa na kusema: hiki ni Kiswahili cha Katanga. Wanaisimu wanaweza kubishana juu ya mipaka ya mgawanyo huo, na wana sababu. Lakini bila alama hiyo mtafiti wa lugha ya Lubumbashi hana njia ya kutenga kutoka maelfu ya rekodi zile mia chache anazozihitaji.

Katika vyuo vikuu vingi idara inayofundisha Kiswahili na maktaba kuu hutenganishwa na ua wenye miti michache, na watu wake hukutana wakati wa kulipwa mishahara. Saa za ngeli na lahaja zingeweza kutolewa na walimu wa lugha kwa wanafunzi wa ukutubi, na saa za maelezo ya vitabu zikatolewa na wakutubi kwa wanafunzi wa lugha, ambao wengi wao humaliza tasnifu bila kujua jinsi jarida linavyobadili jina. Wakati huohuo katalogi za kadi zinahamishiwa kwenye kompyuta kwa haraka, mara nyingi na vijana waliofunzwa kuchapa tu. Kadi za zamani zisichomwe kabla ya kusomwa na mtu anayejua lugha: nyuma yake huenda mna jina la awali la mwandishi au la jarida, kwa penseli, ambalo mashine haikuandaliwa sehemu ya kulipokea.